Kadi ya video inapiga hodi mno: utengeneze draiva, uhamishe kadi, au ununue kifaa cha USB?

Bibi mmoja wa Mikindani aliniletea kanda kumi na moja za VHS ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Humu mna arusi ya binti yangu, na babu yenu yumo, anacheza. Picha yake nyingine inayotembea sina."

Nilipofungua kanda ya kwanza niliona ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, kama kanda za huku pwani zinavyopata zikikaa kabatini miaka mingi. Kanda ya namna hiyo huichezi mara tatu. Kila inapopita kwenye kichwa cha deki inaacha unga wake kidogo, na palipolegea panaweza kukatika. Unaipitisha mara moja, na siku hiyo kompyuta lazima iwe tayari.

Yangu haikuwa tayari. Ni desktop ya zamani yenye tundu za PCI, zile za kuchomekea kadi kwenye ubao wa ndani, na humo imo kadi ya kunasia video yenye chipu ya Bt878, ile ya Brooktree ambayo baadaye ilikwenda Conexant. Kwa kazi ya kanda naipenda kadi hii: inapokea composite na S-Video, njia mbili za kuingiza picha kutoka deki, inatoa picha ghafi ambayo haijabanwa, na Linux inaijua kwa draiva (programu inayoiendesha kadi) inayoitwa bttv. Lakini nilipoijaribu kwa kanda isiyo na thamani, mausi iliruka ruka, sauti ikatangulia picha, na programu ikahesabu fremu 212, yaani picha moja moja za video, zilizopotea ndani ya dakika tano.

Wenye studio wengi hapa Mtwara tukiona dalili hizo tunasema mashine imechoka, tunatafuta RAM. RAM haikuhusika. Kadi ilikuwa inaikatiza prosesa mara nyingi kuliko kazi yenyewe inavyotaka. Nimepitia njia nne za kuliondoa tatizo hili, na hapa naziweka pamoja ili mwenye kadi kama yangu achague mapema, kabla hajaweka kanda ya mtu kwenye deki.

Hodi moja inagharimu nini

Katizo la maunzi ni hodi. Kadi ikimaliza kuandika fremu kwenye kumbukumbu inabisha mlangoni kwa prosesa. Prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaweka alama mahali ilipofikia, inakwenda kusoma rejista ya kadi (kisanduku kidogo cha taarifa ndani ya chipu) ili ijue imeitwa kwa lipi, inashughulikia, kisha inarudi. Kusoma rejista kupitia PCI ni safari ya polepole kwa prosesa, na muda wote huo haifanyi kingine.

Tuseme kwenye mashine ya zamani hodi moja inakula mikrosekunde 20. Hodi 50 kwa sekunde ni milisekunde moja tu, huisikii. Hodi 15,625 kwa sekunde ni milisekunde 312, karibu theluthi ya muda wote wa kiini kimoja cha prosesa, na picha bado ni ileile. Juu ya hapo prosesa hainyamazi hata kidogo, kwa hiyo inachemka, feni inapiga kelele, na umeme ukikatika betri ya UPS inakwisha mapema. Kwa sisi tunaokatikiwa na umeme katikati ya kanda ya saa tatu, hilo nalo linaingia kwenye hesabu.

Hesabu kabla ya kuchagua

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu namba ndiyo inayochagua njia. Kwenye Linux fungua terminali wakati kadi inanasa, kisha andika:

`grep bttv /proc/interrupts; sleep 10; grep bttv /proc/interrupts`

Utapata mistari miwili. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa 10. Kama mashine ina viini kadhaa, kila kiini kina safu yake. Jumlisha safu zote kwanza.

Kanda zetu ni za PAL, mfumo wa video wa huku kwetu: mistari 625 kwa fremu, fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ina nusu mbili, kwa hiyo nusu-fremu 50. Mistari ya picha inayoonekana ni 576. Hizo namba chache zinatosha kumtambua mkosaji.

| Unachokiona kwa sekunde | Kinachotokea | Ninachochagua |
|---|---|---|
| 25 hadi 50, imetulia | Kadi iko sawa, tafuta kosa kwenye diski au programu | Draiva usiiguse |
| Karibu 14,400 | Katizo linaombwa kila mstari unaoonekana (576 × 25) | Tengeneza draiva |
| Karibu 15,625 | Ruhusa ya katizo la mstari imeachwa wazi (625 × 25) | Tengeneza draiva |
| Inapanda utepe ukichakaa, inashuka ukisafika | Kadi inapoteza na kurudisha mshiko wa mawimbi ya video yatokayo deki | Safisha deki kwanza |
| Namba kubwa mno, mashine inaganda | Katizo halikukiriwa (draiva haikuijulisha kadi kwamba hodi imesikika), au pini ya rimoti inaelea | Zima, kisha tengeneza draiva |
| Kubwa, na mstari una majina mawili au matatu | Kadi inachangia laini (waya wa kupigia hodi) na kifaa kingine | Hamisha kadi |

Yangu ilitoa tofauti ya 156,238 kwa sekunde kumi. Nilipoiona namba hiyo nilijua pa kwenda, na RAM ikabaki dukani.

Aliye kwenye Windows ana LatencyMon, programu inayoonyesha draiva ipi inakalia prosesa kwa muda mrefu. Itakupa jina la draiva, jambo ambalo ni msaada mkubwa, ila draiva za Windows kwa kawaida huna msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe), kwa hiyo njia ya kwanza hapa chini imefungwa kwako. Hesabu yako inaanzia kwenye kuhamisha kadi au kununua kifaa kingine.

Njia ya kwanza: kuitengeneza draiva

Hii ndiyo njia pekee inayopunguza hodi kwenye chanzo. Nyingine zinazihamisha, zinazigawa, zinazifunga zote, au zinamhama mpigaji. Ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Anza na jambo jepesi: je, unatumia draiva asili iliyomo ndani ya keneli (moyo wa mfumo wa Linux), au kuna mtu alikuwekea yake? Mashine yangu niliinunua imeshatumika, na fundi wa awali alikuwa amebadilisha bttv ili ingizo la composite la kadi hii ya bandia litambulike. Draiva asili ina kigezo cha `card=` chenye namba za kadi zaidi ya 100, na mara nyingi ukipata namba inayofanana na kadi yako kazi imekwisha, hubadilishi hata herufi. Nilijaribu namba kadhaa jioni nzima. Picha haikuja kwenye ingizo ninalolitaka. Basi nikabaki na draiva yake, nikafungua msimbo.

Bt878 ina rejista mbili za kuziangalia. Ya kwanza inasema ni matukio gani yametokea. Ya pili ni rejista ya ruhusa: tukio lisilo na ruhusa linaandikwa kimya kimya, halipigi hodi. Matukio yenyewe ni mengi: fremu imekamilika, mstari umeanza, mshiko wa mawimbi umebadilika, pini ya rimoti imeguswa, kosa kwenye njia ya data ya PCI, na mengineyo. Kwenye orodha ya ruhusa ya bttv asili kuanza kwa mstari hakumo. Kwenye ile niliyoikuta kulikuwa na neno moja la ziada katikati ya orodha: `BT848_INT_HSYNC |`. Nadhani yule fundi aliliweka ili ahesabu mistari wakati wa majaribio, akasahau kulitoa. Nililifuta, nikakusanya draiva upya, yaani nikaugeuza msimbo kuwa programu, nikaipakia. Sekunde kumi: makatizo 500. Hamsini kwa sekunde, namba ya PAL kabisa.

Si kila mara itakuwa neno moja. Ukikuta 14,400, ruhusa iko sawa, na kosa limo kwenye programu ndogo ambayo draiva huiandika kwa ajili ya chipu. Bt878 inafuata maagizo yaliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta: andika mstari huu hapa, ule pale, ruka huu. Kila agizo lina biti ya kusema "ukimaliza hili, bisha hodi". Biti hiyo inatakiwa kwenye agizo la mwisho la fremu au nusu-fremu. Mtu akiiweka ndani ya kitanzi kinachoandika mistari, kila mstari utabisha. Itoe kwenye kitanzi, iweke nje, mwishoni.

Kosa baya zaidi ni la kutokiri. Chipu hii inafuta alama ya tukio pale tu draiva inapoiandikia 1 kwenye biti ya tukio hilo. Laini za kawaida za PCI hufanya kazi kwa kiwango: maadamu alama haijafutwa, laini inabaki imevutwa, na prosesa ikitoka tu mlangoni inaitwa tena. Mashine haitapiga hatua. Kuna mtego mdogo hapa unaowanasa hata walio makini: uandishi kwenye PCI unaweza kuchelewa njiani ndani ya bafa (vihifadhi vya muda) za daraja linalounganisha PCI na prosesa, draiva ikadhani imekwisha kukiri wakati ujumbe haujafika. Dawa yake ni kusoma rejista yoyote ya kadi baada ya kuandika, kwa sababu kusoma kunalazimisha yaliyotangulia yafike kwanza.

bttv asili ina kinga yake. Ikiingia kushughulikia na kuzunguka zaidi ya mara nne bila kadi kunyamaza, inafunga ruhusa na kuandika kwenye kumbukumbu ya mfumo kwamba IRQ, yaani katizo, imekwama. Ukiona ujumbe huo, uheshimu. Usiongeze idadi ya mizunguko ili upotee. Ujumbe utapotea na ugonjwa utabaki.

Kuhusu pini ya rimoti: kadi nyingi za zamani zilikuja na rimoti ya televisheni, na kipokezi chake kilitumia pini inayoweza kupiga hodi. Kipokezi kikiwa hakijachomekwa, pini inaelea, na hewa yetu yenye chumvi na unyevu haiisaidii. Kama rimoti hutumii, funga ruhusa ya pini hiyo. Hupotezi chochote.

Sasa gharama. Pesa haitoki, muda unatoka. Kwa anayesoma C, lugha ya programu iliyoandikiwa draiva, bila shida ni jioni moja au mbili. Kwa asiyesoma ni lazima amtafute anayesoma, na akae naye karibu, kwa sababu kosa ndani ya draiva linaangusha mashine nzima, si programu moja. Fanya kazi hii wakati hakuna mradi wa mtu kwenye diski. Weka nakala ya draiva ya zamani. Na tumia DKMS, mfumo unaokusanya draiva upya kila keneli inapobadilika. Bila hiyo, sasisho moja la mfumo litakurudisha ulikotoka, labda asubuhi mteja akiwa amekaa kwenye benchi. Kwenye mashine mpya zenye Secure Boot utahitaji pia kuitia draiva sahihi yako, la sivyo mfumo utaikataa.

Njia ya pili: kuipangia kadi mahali pengine

Fikiria nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa mbele. Mgeni akibisha, kila mpangaji anatoka kuuliza kama ni wake. Ndivyo laini za PCI zilivyo: ziko nne, vifaa vinachangia, na katizo la kimoja linaamsha draiva za vyote vilivyo kwenye laini hiyo. Ukitazama `/proc/interrupts` na kuona kwenye mstari wa kadi yako majina mengine, labda USB au kadi ya mtandao, hodi unazohesabu si za kadi peke yake. Bt878 yenyewe ni vifaa viwili ndani ya chipu moja, cha video na cha sauti, kwa hiyo jina la sauti kuwemo si ajabu.

Kuhamisha kadi kwenda tundu jingine la PCI mara nyingi kunaibadilishia laini. Ni kazi ya bisibisi, dakika kumi, na inaweza kurudishwa. Kwa hiyo ingawa naiita njia ya pili, kwa mwenye laini ya mchango ndiyo ya kwanza kujaribiwa.

Kuna pia MSI, katizo la kutuma ujumbe, ambapo kifaa hakivuti laini bali huandika ujumbe kwenye kumbukumbu, na mchango wa laini unakwisha kabisa. Kwa kadi mpya za PCI Express hakikisha imewashwa. Bt878 haina MSI, usiitafute.

Zaidi ya hapo unaweza kuelekeza makatizo yote ya kadi kwenye kiini kimoja, kwa kuandika kwenye `smp_affinity` ya katizo hilo, ukaiacha programu ya kunasa kwenye viini vingine. Linux pia inaruhusu kazi ya katizo ifanywe ndani ya uzi wake wenyewe, kama kazi ya kawaida inayopangiwa zamu, tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, na kigezo cha kuwasha mashine kiitwacho `threadirqs` kinalazimisha hilo kwa karibu draiva zote. Nimevitumia vyote viwili. Mausi inatulia, mashine inapumua. Lakini hesabu haikupungua hata moja, joto ni lilelile, na kwenye mashine ya kiini kimoja hakuna pa kuelekeza. Naichukua kama bandeji ya wiki moja wakati natafuta wa kutengeneza draiva.

Jambo moja la hatari lihusulo laini za mchango. Keneli inahesabu makatizo yasiyo na mwenyewe. Kwenye kila 100,000, kama zaidi ya 99,900 draiva zote zimeyakana, inaandika ujumbe wa "nobody cared" na kuizima laini nzima. Kila kilichokuwa kwenye laini hiyo kinaathirika pamoja nayo. Kama diski yako ya nje ilikuwa kwenye USB iliyochangia laini, kazi uliyokuwa ukiiandika humo imo hatarini. Ujumbe unapendekeza kuwasha mashine kwa `irqpoll`. Hiyo inafanya keneli izungukie draiva zote kila mara kuuliza, na kwa kunasa video ni mzigo juu ya mzigo.

Njia ya tatu: kuulizia kwa saa

Hapa unafunga makatizo kabisa na kuiambia draiva iamke kila milisekunde 40 kuuliza, "fremu iko tayari?" Draiva za mtandao zinafanya kitu cha jamii hii zikizidiwa, na zinafanya vizuri. Kwa kamera ya ulinzi kwenye ghala la korosho ningekubali.

Kwa kanda siitaki. Deki haiendi kwa saa ya kompyuta. Motor yake inayumba kidogo, utepe uliovutika unayumba zaidi, na fremu ya kanda haitoki kila milisekunde 40 kamili. Ukiuliza kwa saa yako utakuta mara fremu mbili zimeshapita, mara bado hakuna. Kwa saa tatu tofauti hizo zinajikusanya, na midomo ya waimbaji inaachana na wimbo. Nililoanza nalo lilikuwa ni hilo hilo, sasa lingekuwa limeingia kwa mlango wa nyuma.

Njia ya nne: kifaa cha USB

Hii ndiyo wengi wanaiendea kwanza, na kwa baadhi yenu ni sahihi. Laptop haina tundu la PCI, kwa hiyo mwenye laptop hana la kuchagua. Anayerusha mpira, mawaidha au arusi moja kwa moja kutoka kamera yenye HDMI naye hapaswi kuhangaika na Bt878, kwani haina HDMI.

Vifaa vya HDMI vinavyofuata kanuni ya UVC, ile ya pamoja ya kamera za USB, havihitaji draiva ya mtu binafsi; Windows na Linux zote zina ya kwao. Kuna vidogo vya bei nafuu vyenye chipu ya MS2109 ambavyo vinaleta picha ikiwa imebanwa kwa MJPEG, yaani kila fremu kama picha ya JPEG. Kwa matangazo ya moja kwa moja inatosha, kwa hifadhi ya kudumu mimi ningetaka zaidi.

Kwa kanda, visanduku vya USB vyenye plagi za njano, nyekundu na nyeupe vinafanana kwa nje kama mapacha, ndani vinatofautiana. Nimefungua vyenye STK1160, vyenye EM2860, vyenye UTV007, na vipo vya Somagic. Linux ina draiva ndani ya keneli kwa zile tatu za kwanza. Kabla hujatuma hela Kariakoo, mwombe muuzaji akichomeke kwenye kompyuta na akutumie picha ya namba ya utambulisho wa USB: 05e1:0408 ni STK1160, 1b71:3002 ni UTV007. Barabara ya Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500, na kurudisha mzigo kwa basi kwa sababu ya chipu isiyo yake ni hasara ambayo swali moja lingeizuia.

Je, USB inamaliza makatizo? Hapana, inayabadilisha. Hodi sasa zinapigwa na kidhibiti cha USB kilicho kwenye kompyuta. USB 2.0 yenye kasi ina vipande vya muda 8,000 kwa sekunde. Draiva ya UVC kwenye Linux inafunga hadi vifurushi 32 kwenye ombi moja, kwa hiyo maombi yanakamilika takriban mara 250 kwa sekunde. Ukiona 250 mahali ulipozoea 50, usishtuke, huo ndio mwendo wake. Ukiona maelfu, tazama kidhibiti: draiva ya EHCI, yaani ya vidhibiti vya USB 2.0, ina kigezo `log2_irq_thresh` kinachopokea 0 hadi 6, na kwenye 3 kidhibiti kinasubiri vipande vinane, yaani milisekunde moja, kabla ya kubisha tena. Wazo hilo la kukusanya kazi kabla ya hodi linatumika pande zote: mwaka 2021 draiva ya Linux inayofanya kifaa kijifanye kamera ya UVC ilirekebishwa iombe katizo kwa kila robo ya maombi yake badala ya kila ombi.

Kinachowaangusha watu kwenye USB ni upana wa njia. Picha ghafi ya PAL ni nukta 720 kwa 576, baiti mbili kila nukta, mara 25 kwa sekunde: baiti 20,736,000. Njia moja ya mtiririko wa USB 2.0 inabeba baiti 24,576,000 kwa sekunde, hapo ndipo kikomo. Kanda moja inakaribia kuijaza. Ukichomeka diski ya nje kwenye hub (kigawanyi cha USB) hiyohiyo, unagombanisha wawili kwenye mlango wa mmoja, na fremu zitapotea ingawa makatizo yako ni mazuri. Diski iwe ya ndani, au iende kwenye kidhibiti kingine. PCI ya zamani ina megabaiti 133 kwa sekunde, na hapo kadi yangu inakaa kwa raha.

Nani achukue ipi

Mwenye sanduku la kanda na desktop yenye PCI, na kadi inayotoa 14,400 au 15,625: tengeneza draiva. Sioni sababu ya kutupa kadi nzuri kwa sababu ya biti moja. Ukikosa mtu wa C hapa mjini, tuma msimbo kwa anayeweza. Draiva ni maandishi, haihitaji kupanda basi.

Mwenye laini ya mchango: bisibisi kwanza, mambo mengine baadaye.

Mwenye studio Masasi au Tandahimba anayerekodi ngoma na arusi kwa kamera mpya, bila kanda hata moja kabatini: nunua USB ya HDMI, thibitisha chipu, chomeka diski mbali nayo. Msimu wa korosho ukiingia arusi zinafuatana na hutakuwa na jioni za kufungua msimbo.

Na mwenye Windows ya biti 64 ambayo kadi yake ya zamani haina draiva: usipakue draiva kutoka kila unapopaona. Weka Linux kwenye diski ya pili, uihesabu kadi, ndipo uamue kama inastahili kubaki.

Kwangu kanda sita za bibi zimeshapita, kila moja mara moja tu, na hakuna fremu iliyopotea. Babu yumo kwenye ya tatu, dakika ya 41, amevaa kanzu na fimbo iko begani. Ya saba nimeisimamisha. Makatizo yake yanapanda hadi mia tatu na kushuka, yanapanda na kushuka, na picha ya juu inapinda kila yanapopanda. Huo ni mshiko wa mawimbi, si draiva. Nimekausha utepe, nimesafisha kichwa cha deki, na kesho naazima deki nyingine ya Ligula kabla sijaipitisha.